Mkono Ndani ya Tangi: Ute wa Kahawa ya Nyeri na Vimeng'enya Vyake

Ni jioni ya Novemba, katika kiwanda cha kahawa kando ya mto, chini ya Mlima Kenya. Wakulima wamekwisha kuchambua matunda yao juu ya magunia yaliyotandazwa: mabivu mekundu upande huu, mabichi na yaliyokaukia mtini upande ule, hayo yakaanikwe yawe mbuni. Karani amepima na kuandika. Mashine ya kumenya inanguruma. Maganda mekundu yanatemwa nje, punje zinateremka na maji hadi kwenye tangi la saruji. Maji yanachujwa, tangi linafunikwa, na baridi ya mlimani inaanza kushuka.

Asubuhi mtu mmoja mwenye uzoefu anainama ukingoni mwa tangi, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, anachota punje kiasi, anazisuuza na kuzisugua kiganjani. Zikiteleza kama kipande cha sabuni, bado. Zikikwaruzana kama kokoto na kutoa sauti, zimeiva, na mtaro wa kuoshea ufunguliwe. Wapo wanaotumia kijiti: unakisimika katikati ya punje na kukichomoa, na shimo likibaki wazi bila kujifukia, ute umekwisha. Uamuzi huo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Ukiosha mapema, ute unaosalia unaalika ukungu punje zikiwa mezani zinakauka. Ukichelewa, punje chache zilizooza zinatosha kuharibu harufu ya kahawa nzima.

Nimependa swali hili tangu nilipogusa ute huo kwa mara ya kwanza: kwa nini hautoki? Ukimenya tunda bivu na kuosha punje zake papo hapo, utasugua hadi vidole vichoke, na utelezi utabaki. Baada ya usiku mmoja au zaidi tangini, maji matupu yanauondoa. Kuna kitu kimeingia na kukata kilichokuwa kimeshika. Kitu hicho ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi moja maalumu bila yenyewe kutumika ikaisha. Ndani ya tangi mna sukari, protini, nyuzi za maganda, kafeini na asidi za kila namna. Kimeng'enya kinajuaje, humo gizani, kwamba hiki ndicho cha kukata na kile si chake? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 150 kupatikana, na sehemu yake moja bado inabishaniwa.

Historia yake inaanzia kwenye kimea. Wanawake wa nchi zetu wamejua tangu zamani kwamba nafaka ikiloweshwa na kuachwa ichipue, kisha ikaushwe na kusagwa, unga wake hugeuza uji mzito kuwa mwepesi na mtamu. Huko Paris, mwaka 1833, Anselme Payen na Jean-François Persoz walichukua kimea cha shayiri, wakachuja maji yake, wakatoa humo unga mweupe uliokuwa na nguvu ya kuyeyusha wanga. Wakauita diastasi. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa nje ya kiumbe hai. Miaka mitano baadaye Payen huyohuyo alichunguza kuta za mimea, akapata kitu kigumu kilichobaki baada ya vingine vyote kuondolewa. Alipopima, akakuta kina kaboni, haidrojeni na oksijeni kwa kiasi kilekile cha wanga. Hiyo ndiyo selulosi.

Hapo ndipo fumbo lilipojitokeza, na kila mla githeri analijua bila kuambiwa. Wanga wa ndani ya punje ya mahindi tunauyeyusha, tena kuanzia mdomoni, kwa kimeng'enya kilicho katika mate. Ngozi ya punje hiyohiyo inapita mwilini na kutoka kama ilivyoingia. Wanga na selulosi vyote ni minyororo ya glukosi. Tofauti ni jinsi pingili moja inavyounganishwa na inayofuata. Katika wanga kiungo kinaelekea upande mmoja na mnyororo unajikunja. Katika selulosi kinaelekea upande wa pili na mnyororo unanyooka, ukalala sambamba na wenzake kama fito. Kwa sababu ya mgeuko huo mdogo tunakula ugali na hatuli majani ya matete. Ng'ombe anayakula kwa sababu amewapangisha tumboni vijidudu wenye vimeng'enya ambavyo yeye mwenyewe hana.

Aliyeeleza jambo hili kwa mara ya kwanza kwa namna inayoshikika ni Emil Fischer, akiwa Berlin, mwaka 1894. Alitengeneza sukari mbili zilizofanana kwa kila kitu isipokuwa mwelekeo wa kiungo kimoja. Kisha akazijaribu kwa vimeng'enya viwili, kimoja kutoka kwenye chachu ya pombe na kingine kutoka kwenye lozi. Cha chachu kilikata sukari ya kwanza na kuiacha ya pili; cha lozi kilikata ya pili na kuiacha ya kwanza. Fischer akasema kimeng'enya na kile kinachokatwa lazima vilingane kwa umbo kama ufunguo na kufuli. Hakuna aliyekuwa ameona umbo la kimeng'enya chochote. Hata kwamba vimeng'enya ni protini kulikuwa hakujathibitishwa, na ithibati ilikuja mwaka 1926 tu, James Sumner alipopata fuwele za kimeng'enya kutoka kwenye maharagwe. Fischer alikisia kutokana na tabia, kama vile mtu anavyojua umbo la ufunguo kwa kuona ni milango ipi inayofunguka. Mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mwaka huohuo wa 1902 wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Tuthu, kwa mtemi Karuri, na kabla mwaka haujaisha Waingereza walikuwa wamejenga ngome yao Nyeri, karibu na kilima ambacho bado kina jina hilo. Kahawa nayo ilikuwa njiani. Mapadri Wafaransa walikuwa wameipanda karibu na Nairobi kabla ya mwaka 1900 kwisha, na aina yao, iliyokuja kuitwa Misheni ya Wafaransa, ilienea katika mashamba ya walowezi. Kwa Mwafrika wa Nyeri, mti huo ulikuwa wa kutazama na wa kulimia wengine kwa ujira. Kwa leseni na kanuni, serikali ya kikoloni ilimzuia kuupanda shambani mwake. Sababu zilizotolewa ni kwamba wakulima wadogo wangesambaza magonjwa, kwamba wizi ungeongezeka, kwamba ubora ungeshuka. Sababu ambayo haikutangazwa kwa sauti ni kwamba mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mlowezi.

Mlango ulifunguliwa kidogo katika miaka ya 1930, upande wa mashariki wa mlima, Meru na Embu, pamoja na Kisii, kwa idadi ya miti iliyohesabiwa na kusimamiwa. Katika miaka hiyohiyo Maabara ya Kilimo ya Scott, karibu na Nairobi, ilichagua aina ambazo hadi leo wakulima wa Nyeri huzitaja kwa fahari, SL28 na SL34. Nyeri yenyewe ilisubiri, na ilipofunguliwa ilikuwa katika kipindi kigumu kabisa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka 1954 ulikuja mpango wa Roger Swynnerton, uliokusanya vipande vya ardhi, ukatoa hati, na kuruhusu mazao ya biashara kwa Waafrika. Wengi walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya kulazimishwa, wengine kizuizini, wengine msituni. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikamatwa Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu wa Aberdare, katika wilaya hiyohiyo ambamo miche ya kahawa ilikuwa ikigawiwa. Waliokuwa upande wa serikali walitangulia kupata. Mtu asiandike habari za ladha ya kahawa ya Nyeri akalisahau hilo.

Mkulima mwenye miti mia moja hawezi kununua mashine ya kumenya wala kujenga tangi, kwa hiyo mpango wa mkulima mdogo ulizaa vyama vya ushirika na viwanda vyao kando ya mito: Gura, Chania, Ragati, Sagana na vijito vyake. Viwanda vilijengwa mtoni kwa sababu ute na maji haviachani. Na kwa sababu matunda ya mamia ya watu yaliingia tangi moja, ilibidi mtu mmoja awe na mkono wa kuamua kwa niaba ya wote. Utaratibu ulioimarika Kenya una hatua nyingi kuliko wa nchi nyingine nyingi: punje huchacha bila maji hadi ute ulegee, huoshwa na kupangwa mtaroni kwa uzito, kisha mara nyingi hulowekwa tena katika maji safi hadi siku nzima, ndipo zianikwe kwenye vitanda vya waya zikauke polepole hadi unyevu wa takriban asilimia 11. Kituo cha Utafiti wa Kahawa cha Ruiru, kwenye shamba la Jacaranda ambalo serikali ililinunua mwaka 1944, ndicho kilichokuwa shule ya ufundi huo.

Turudi kwenye ute. Ni maji kwa sehemu kubwa, na kinachoyashika maji hayo ni pektini, kitu kilekile kinachogandisha jamu. Henri Braconnot aliipa jina hilo Ufaransa mwaka 1825, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda. Pektini nayo ni mnyororo, ila pingili zake ni za asidi iitwayo asidi ya galakturoniki. Pingili nyingine zimevaa kofia ndogo ya methili; zisizo na kofia zina chaji hasi, na kalsiamu hujipenyeza kati ya minyororo miwili na kuifunga pamoja. Hapo wavu unakamilika. Maji yamenaswa ndani, na wavu umeng'ang'ania ganda la punje.

Wakati viwanda vya Nyeri vinajengwa, wanasayansi walianza kuona kufuli kwa macho. Mwaka 1958 Daniel Koshland, Mmarekani, alisahihisha mfano wa Fischer: kimeng'enya si chuma, alisema; kinajikunja kidogo kinapokipokea kitu chake, kama glavu inavyochukua umbo mkono ukiingia. Mwaka 1965, London, kundi la David Phillips lilionyesha umbo kamili la kimeng'enya kwa mara ya kwanza katika historia, kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele. Kilikuwa lisozimu, kinachokata sukari za kuta za bakteria. Ubavuni mwake palikuwa na bonde jembamba, lenye urefu wa kulaza pingili sita za sukari, na mahali pa kukatia pakiwa kati ya ya nne na ya tano. Kimeng'enya cha kwanza kuonekana na binadamu kilikuwa kimeumbwa kushika mnyororo wa sukari.

Vile vya pektini vilionekana baadaye. Mwaka 1993, huko Riverside, California, Marilyn Yoder, Noel Keen na Frances Jurnak walitoa umbo la kimeng'enya cha bakteria anayeozesha mboga. Halikufanana na lolote lililojulikana: protini imejizungusha mzingo juu ya mzingo, kama kamba ya mkonge iliyokunjwa vizuri ghalani, na ubavuni mwa kamba hiyo pana bonde. Kabla ya miaka ya 1990 kwisha, maumbo ya poligalakturonasi, mkataji mkuu wa pektini, nayo yakaonekana, na yalikuwa ya mzingo uleule.

Sasa tunaweza kusema jinsi kinavyojua. Mnyororo wa pektini usio na kofia una chaji hasi, na bonde la kimeng'enya limepangwa amino asidi zenye chaji chanya, kwa hiyo mnyororo unavutwa na kulala. Kisha kila pingili inakaguliwa mahali pake. Sukari ina vikundi vidogo vya oksijeni na haidrojeni vilivyochomoza pande zake, na bonde lina mikono inayovipokea kimoja kimoja. Glukosi na galaktosi zina atomi zilezile kwa idadi ileile. Tofauti ni kikundi kimoja tu kilichogeukia upande mwingine. Hicho kinatosha. Mnyororo usio wake hautulii, unaondoka. Ulio wake unashikwa kwa pingili kadhaa kwa pamoja, unakunjwa kidogo mahali pa kukatia, molekuli ya maji inaingizwa, na kiungo kinavunjika. Pingili zenye kofia humsumbua mkataji huyu, ndiyo maana kuna kimeng'enya kingine kinachotangulia kuzivua kofia, na cha tatu kinachopenda mnyororo ukiwa bado umezivaa. Wanafanya kazi kama watu wa shamba moja: huyu anapalilia, huyu anavuna.

Na hawahitaji kukata sana. Kamba ndefu ikikatwa mara chache katikati, haifungi tena kitu. Kwa hiyo utelezi huisha ghafla, na yule mwenye mkono tangini anaweza kukuta ute mzito saa kumi na mbili na kokoto kabla ya saa sita.

Nje ya kiwanda, kwenye lundo la maganda yanayooza, kuna kazi nyingine ngumu zaidi. Maganda yana selulosi nyingi, na selulosi ni ukuta mgumu usioingia katika bonde lolote. Namna ya kuushambulia ilijulikana kupitia ukungu uliokuwa ukila pamba ya mahema ya jeshi la Marekani katika Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambao baadaye ulipewa jina Trichoderma reesei. Katika miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba vimeng'enya vyake vina sehemu mbili zilizounganishwa kwa uzi: moja inakata, nyingine haikati chochote, kazi yake ni kushika tu. Mwaka 1989 umbo la sehemu hiyo ya kushika lilionekana. Upande wake mmoja ni bapa, na juu ya ubapa huo kuna amino asidi tatu zenye pete bapa, zimepangwa kwa mstari, kwa nafasi zinazolingana na hatua za glukosi katika selulosi. Pete inalala juu ya pete, kiganja juu ya kiganja. Ni nanga. Mkulima anayerudisha maganda hayo shambani kuwa mbolea anapokea kazi ya nanga hizo, hata kama hajapata kusikia habari zake.

Linabaki lile nililosema linabishaniwa: ni nani hasa anayekata ute tangini? Tunda lenyewe lina vimeng'enya vyake, kwa kuwa ndivyo linavyolainika likiiva. Mikono, magunia na mashine huleta bakteria na chachu. Mapema miaka ya 2000, watafiti waliofanya kazi Mexico walikuta bakteria wenye kimeng'enya cha pektini, lakini kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri palipo na alkali, ilhali tangi la kahawa huzidi kuwa na asidi kila saa. Ufunguo upo, mlango upo, ila hali ya humo inaukataa. Wakahitimisha kwamba kulegea kwa ute kulikwenda sambamba zaidi na kupanda kwa uchachu wenyewe. Kisha mwaka 2006 Wafa Masoud na Lene Jespersen, kutoka Copenhagen, walichunguza chachu zilizotokana na kahawa iliyochachushwa Afrika Mashariki, sampuli zikiwa zimechukuliwa Tanzania, na wakakuta kadhaa kati ya zile zilizotawala zinatoa poligalakturonasi.

Kwa maoni yangu majibu haya mawili hayapingani sana. Tangi la Mexico si tangi la Tanzania, na wala si la Nyeri, ambako usiku wa Juni na Julai hushuka hadi mtu ajifunike mablanketi mawili. Kimeng'enya kikipoa kinakuwa kizito kama mtu aliyeamshwa alfajiri. Hivyo saa za kuchachusha hurefuka, na vijidudu vinavyopata nafasi huenda ni vingine kabisa. Watu wa viwandani wanajua sehemu hii vizuri. Hawakuhitaji eksirei kujua kwamba saa za ubao wa ofisini haziwezi kushindana na mkono.

Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hadhi kamili mwaka 2012, kiko kilomita chache kutoka mjini Nyeri, na kina shamba lake la kahawa. Vijana wanaosoma pale ni wajukuu wa watu waliokatazwa kupanda mti huu. Ninawaomba hivi: msimu ujao wa mavuno, chukueni kipimajoto, karatasi za kupimia asidi na vichupa safi, mwende viwandani usiku, mwinamie tangi pamoja na yule mwenye mkono. Mwulizeni anasikia nini kiganjani, saa ngapi, na baridi ikiwaje. Andikeni kila atakachosema kando ya kila mtakachopima, kwa kuwa wengi wa watu hao ni wazee sasa.